Moyo wa Mtoto: Kutoka Karakana ya Wanasesere ya Stavanger Hadi Leba za Haydom

Kampuni ambayo leo vifaa vyake vinapima mapigo ya moyo katika leba za Manyara, Geita na Tabora ilianza kwa kuuza kadi za salamu na vitabu vya watoto. Ilikuwa mwaka 1940, katika mji wa bandari wa Stavanger, kusini-magharibi mwa Norway, mwaka uleule majeshi ya Ujerumani yalipoivamia nchi hiyo. Mwanzilishi wake, Åsmund Lærdal, hakuwa daktari wala mhandisi. Alikuwa kijana mfanyabiashara aliyependa vitu vya watoto. Baada ya vitabu akatengeneza vinyago vya kuchezea vya mbao, na vita vilipokwisha akahamia kwenye malighafi iliyokuwa ngeni wakati ule, yaani plastiki laini. Magari yake madogo ya kuchezea, yaliyoitwa Tomte, yalienea kwa watoto wengi wa Ulaya ya Kaskazini. Mwanasesere wake aliyeitwa Anne, mwenye ngozi laini na nywele za kuchana, alipendwa sana na wasichana katika miaka ya 1950.

Hapa Bujumbura habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali. Lakini mkondo wake unakuja moja kwa moja hadi kwenye vyumba ambamo dada zetu, wake zetu na binti zetu wanajifungua, na ndani yake mna somo ambalo Burundi inalihitaji leo.

Lærdal alikuwa na sababu yake ya kufikiria pumzi na moyo. Mwanawe Tore, akiwa mtoto wa miaka miwili, alinusurika kufa maji. Baba yake ndiye aliyemtoa na kumkamua maji mapafuni. Karakana yake nayo ilikuwa imekwisha kujifunza kutengeneza majeraha bandia ya plastiki kwa ajili ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Basi madaktari wa usingizi walipotafuta mtu wa kuwatengenezea mwili bandia wa kufanyia mazoezi, walibisha hodi mahali panapofaa.

Madaktari hao walikuwa wamepata habari kubwa kutoka Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Dkt. Peter Safar wa Baltimore alionyesha kwamba mtu aliyeacha kupumua anaweza kuokolewa kwa kupuliziwa hewa mdomo kwa mdomo, na kwamba njia za zamani za kumbana mgonjwa mgongo na kumnyanyua mikono hazikuwa na faida ya maana. Shida ilikuwa kufundisha. Huwezi kumlaza mtu mzima mwenye afya ukawaambia wanafunzi mia moja wampulizie mmoja baada ya mwingine. Dkt. Bjørn Lind, daktari wa usingizi wa Stavanger, alishirikiana na Lærdal na Safar, na mwaka 1960 akatoka mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, mwenye shingo inayokunjika na kifua kinachopanda hewa inapoingia. Walimwita Resusci Anne. Uso wake ulifuata kinyago cha msichana asiyejulikana ambaye, kwa masimulizi ya Paris, aliopolewa katika mto Seine mwishoni mwa karne ya 19.

Mwaka huohuo wa 1960, watafiti wa Johns Hopkins, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walitangaza kwamba damu ya moyo uliosimama inaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kutoka nje, bila kukipasua. Mwanasesere wa Stavanger akatiwa springi kifuani ili wanafunzi wazoee kukandamiza kwa nguvu na mwendo unaotakiwa. Kuanzia hapo kampuni ya vinyago vya watoto ikageuka kampuni ya moyo na pumzi. Ikatengeneza mifuko ya kumpulizia mgonjwa hewa, na katika miaka ya 1980 mashine za kuushtua moyo kwa umeme. Mwaka 1980 Lærdal alianzisha mfuko wa kugharamia utafiti wa tiba ya dharura. Mwaka uliofuata alifariki, na Tore, yule mtoto aliyeponea majini, akachukua usukani.

Chini ya Tore kampuni ilijiunga na mazungumzo ambayo baadaye yaliamua mwelekeo wake wote. Karibu na Stavanger kuna nyumba ya watawa ya kale iitwayo Utstein, na humo wataalamu wa kuhuisha wagonjwa wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1990. Katika mkutano wa mwaka 2006 walijadili kanuni iliyochapishwa kwa kirefu mwaka 2013. Kanuni hiyo inasema kwamba idadi ya watu watakaopona inatokana na mambo matatu yanayozidishana: sayansi ya tiba, ubora wa mafunzo, na utekelezaji pale pale penye mgonjwa. Neno la kuzingatia hapo ni kuzidishana. Ukiwa na sayansi bora duniani na mafunzo yakawa sifuri, jibu ni sifuri. Ukiwa na mashine mpya kabatini na hakuna anayeitumia usiku wa manane, jibu ni lilelile. Nitairudia kanuni hii mbele, kwa sababu Tanzania ndiko ilikopimwa kwa uzito wake wote.

Kabla ya kufika huko, tutazame sikio la mkunga. Mwaka 1816 Laennec wa Ufaransa alibuni kifaa cha kusikilizia kifua. Mnamo 1821 Mfaransa mwenzake, Kergaradec, alikiweka kwenye tumbo la mama mjamzito akasikia moyo wa pili, ulio mwepesi kuliko wa mama. Mwaka 1895 Adolphe Pinard wa Paris akaunda pembe fupi ambayo jina lake halijafutika hadi leo. Burundi, iliyopata utabibu wake wa hospitali kwa mikono ya Wabelgiji na kwa lugha ya Kifaransa, iliipokea pembe hiyo pamoja na jina lake.

Mwangalie mkunga anavyoitumia. Kwanza anapapasa tumbo kutafuta upande uliko mgongo wa mtoto, kwa kuwa huko ndiko sauti inakotoka vizuri. Anaiweka pembe, anainama, anabana sikio, halafu anaondoa mkono ili pembe ishikwe na sikio lake na tumbo la mama tu, isije ngozi ya vidole ikaleta sauti ya uongo. Mkono wa pili unashika mshipa wa mama ili asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto. Anahesabu kwa dakika nzima. Kati ya mapigo 110 na 160 kwa dakika, mtoto yu salama. Chini au juu ya hapo, na hasa yakikawia kurudi baada ya uchungu kuachia, mtoto anakosa hewa. Miongozo inataka kazi hiyo irudiwe kila nusu saa uchungu unapokuwa umekolea, na mara nyingi zaidi mama anapoanza kusukuma.

Sasa mpe mkunga huyo akina mama sita kwa wakati mmoja, usiku, katika chumba chenye kelele za uchungu. Pembe haina kosa lolote. Ni kifaa imara, cha bei nafuu, kisichohitaji umeme. Kinachokosekana ni masikio ya kutosha. Moyo wa mtoto unaweza kuanza kuzorota dakika tano baada ya mkunga kunyanyua kichwa, na asijue hadi zamu yake ya kurudi kwa mama huyo ifike.

Nchi tajiri zilijibu shida hiyo kwa mashine. Mwaka 1958 Edward Hon wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza jinsi ya kurekodi moyo wa mtoto mfululizo kwa umeme. Mwaka 1968 kampuni ya Hewlett-Packard, ikifanya kazi na Konrad Hammacher wa Ujerumani, iliingiza sokoni mashine iliyochora mapigo ya mtoto na mikazo ya mji wa mimba kwenye karatasi moja. Mashine za aina hiyo zilienea haraka kuliko ushahidi wake. Utafiti uliokusanywa kwa miaka mingi umeonyesha kwamba zinapunguza degedege kwa watoto wachanga, lakini hazikupunguza vifo kwa namna iliyothibitika, na zimeongeza upasuaji. Katika hospitali zetu zilileta matatizo mengine: karatasi maalumu inayoisha, umeme unaokatika, na mchoro unaohitaji macho ya mtaalamu aliyezoea kuusoma.

Ndipo tunafika Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway, katika nyanda za juu za Mbulu, mkoani Manyara, miongoni mwa Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe. Ni safari ya karibu kilomita 300 kutoka Arusha. Kwa miongo mingi hospitali hiyo imewahudumia watu wanaotoka mbali sana, na uhusiano wake na Norway haukukatika. Hivyo ndivyo Dkt. Hege Ersdal, daktari wa usingizi kutoka Stavanger, alivyofika kufanya kazi huko na kuona mbele ya macho yake watoto waliozaliwa kimya.

Kuanzia Novemba 2009 Haydom ilifanya jambo ambalo hospitali chache duniani zimewahi kulifanya. Wasaidizi wa utafiti walipewa mafunzo, wakapangwa kwa zamu usiku na mchana, na kila mama alipojifungua msaidizi mmoja alisimama pembeni na saa ya kuhesabia. Hakugusa mtoto. Aliandika tu: mtoto alitoka saa ngapi, alilia au hakulia, alikaushwa lini, kitovu kilikatwa lini, mfuko wa hewa uliwekwa usoni baada ya sekunde ngapi. Daftari zile zilitoa picha iliyo wazi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, miongoni mwa watoto waliohitaji kupuliziwa hewa, hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu iliongezeka kwa asilimia 16 kwa kila sekunde 30 za kuchelewa, hadi kufikia dakika sita.

Sekunde 30 ni muda wa kumfuta mtoto kwa kitenge na kumgeuza upande. Ni muda wa kuita mwenzako aliye chumba cha pili. Baada ya takwimu ile hakuna mtu aliyefanya kazi Haydom ambaye angeweza tena kusema kwamba mtoto alikufa kwa kuwa hospitali haikuwa na mashine kubwa. Wengi walihitaji mkono uliozoea, mfuko wa hewa ulio karibu, na mtu anayejua kwamba muda unakwenda.

Dunia nayo ilikuwa ikielekea huko. Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, pamoja na Shirika la Afya Duniani na wadau wengine, kilizindua mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua, yaliyojulikana kwa dakika ya dhahabu: ndani ya sekunde 60 baada ya kuzaliwa, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe ameanza kupuliziwa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoyajaribu mwanzo. Mwaka huohuo, Stavanger ilianzisha kampuni ndugu, Laerdal Global Health, isiyolenga faida, kwa ajili ya nchi zenye vifo vingi vya akina mama na watoto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mwanasesere tena, safari hii mtoto mchanga.

Anaitwa NeoNatalie. Anafika akiwa amekunjwa, mwepesi. Unamjaza maji ya uvuguvugu, na mara anakuwa na uzito, joto na ulegevu wa mtoto aliyetoka tumboni sasa hivi. Kichwa kinaangukia nyuma usipokishika. Mwalimu anashika vipira vidogo vilivyounganishwa naye kwa mirija: akibonyeza kimoja, kitovu kinapiga, akibonyeza kingine, mtoto analia au kifua kinapanda. Mkunga haambiwi kama moyo unapiga. Inampasa ashike kitovu mwenyewe, ahisi, aamue. Ufundi uleule wa plastiki laini uliomtengeneza Anne wa miaka ya 1950 ulikuwa umepata kazi mpya.

Aprili 2010 wafanyakazi wa Haydom walipata mafunzo hayo kwa siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere, walikuwa wamepiga hatua kubwa. Lakini madaftari ya leba yalisema jambo jingine: namna watoto halisi walivyohudumiwa haikubadilika. Hapa ndipo ninapoona kiini cha historia hii yote. Kampuni inayotengeneza vifaa vya mafunzo ilikuwa na kila sababu ya kulifunika jambo hilo, nalo likachapishwa hadharani mwaka 2013 ili wote walisome. Kutoka hapo utaratibu ukabadilishwa. Kuanzia Februari 2011 mwanasesere aliwekwa palepale leba, na wakunga wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, wakati hakuna mama anayejifungua, pamoja na mazoezi ya kuburudisha kumbukumbu baada ya muda. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Majengo yalikuwa yaleyale na wakunga walewale. Kilichobadilika ni mazoea ya mikono yao.

Nje ya Haydom, Wizara ya Afya ya Tanzania ilipima mafunzo hayo katika hospitali nane. Matokeo ya utafiti ulioongozwa na Dkt. Georgina Msemo na kuchapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikipungua kwa asilimia 47, na watoto waliofia tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa wakipungua kwa asilimia 24. Serikali ikaanza kuyasambaza nchini.

Lakini swali la sikio la mkunga lilikuwa bado halijajibiwa. Mtoto anayezaliwa amechoka mara nyingi alianza kuchoka saa moja au mbili kabla, na hakuna aliyemsikia. Kwa hiyo mwaka 2013 ulianza mradi wa utafiti ulioitwa Safer Births, uliounganisha Haydom, hospitali za Dar es Salaam, vyuo vikuu na wahandisi wa Stavanger. Wahandisi walipewa kazi ya kutengeneza kifaa kinachoweza kusikiliza mfululizo, kisichohitaji karatasi, kinachovumilia umeme unaokatika, na ambacho mkunga anaweza kukitumia bila kozi ndefu. Kifaa hicho kikaitwa Moyo.

Ukikishika mkononi ni kidogo. Kitako chake cha kuwekea tumboni kina vipande tisa vya kutoa na kupokea mawimbi ya sauti, vilivyopangwa ili kinase mapigo upesi bila kutafutiza sana. Mkunga anakipaka mafuta maalumu, anakifunga kwa mkanda, na ndani ya sekunde chache namba inatokea. Mama akigusa sehemu za chuma kwa vidole, mapigo yake mwenyewe yanaonekana pia, na ule wasiwasi wa kuchanganya moyo wa mama na wa mtoto unatoweka. Skrini inahifadhi mwenendo wa nusu saa iliyopita, ili mkunga aliyekwenda kwa mama mwingine akirudi aone kilichotokea alipokuwa hayupo. Mapigo yakienda kombo, kinapiga kengele. Betri inachajiwa, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Baadaye likaja jibu la upande wa pili, yaani kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. NeoBeat ni kipande chenye umbo la herufi C kinachokumbatia kifua cha mtoto. Ncha zake mbili zinagusa ngozi moja kwa moja, bila gundi wala nyaya, na baada ya sekunde chache kinaonyesha mapigo ya moyo. Faida yake ni nzito. Mtoto aliyelegea, asiyelia wala kupumua, huweza kuandikwa kuwa alizaliwa amekufa ilhali moyo wake unapiga polepole sana, kiasi kwamba vidole vilivyochoka haviuhisi kwenye kitovu. Namba inapotokea kwenye kifaa, kila aliye chumbani anajua kuna mtu wa kuokolewa. Watafiti waliofanya kazi Kinshasa nao walikitumia, kwa swali hilohilo.

Haikuwa Stavanger peke yake iliyofikiria hivyo. Mwaka 2012 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walitengeneza WinSenga, pembe ya mfano wa Pinard yenye kipaza sauti ndani yake, iliyopeleka sauti kwenye simu ili programu ihesabu mapigo ya mtoto. Walishinda mashindano ya Microsoft ya eneo letu. Akili ilikuwapo Kampala sawasawa na ilivyokuwa Stavanger. Tofauti ni kwamba nyuma ya Moyo kulikuwa na kampuni ya miaka 70, mfuko wa utafiti, na hospitali iliyokubali kuhesabu sekunde kwa miaka mingi. Kijana wa Afrika Mashariki mwenye wazo zuri anahitaji mambo hayo matatu, na ni wajibu wa serikali zetu na matajiri wetu kumpatia.

Moyo kilipimwa kwa kulinganishwa na pembe ya Pinard na vifaa vya kushika mkononi, kwa akina mama waliogawanywa kwa kura, vijijini na Dar es Salaam. Kilibaini mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi. Akina mama waliohojiwa Tanzania walisema kuusikia moyo wa mtoto kuliwatuliza, ingawa si wote walioelezwa kwa undani kifaa kile kinafanya nini tumboni mwao. Lakini tafiti hizo hazikuonyesha vifo kupungua kwa sababu ya kifaa peke yake. Kengele ikilia na chumba cha upasuaji kikawa kimefungwa, au daktari yuko mbali, au mkunga hana uzoefu wa mfuko wa hewa, mtoto anakufa akiwa amesikika vizuri.

Ile kanuni ya Utstein ilikuwa inajieleza yenyewe, na waliohusika waliielewa. Badala ya kuuza kifaa na kuondoka, waliunganisha kila kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mikoa mitano ya Tanzania, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, hospitali na vituo 30 viliingia kwenye mpango mmoja kuanzia mwaka 2021 hadi mwisho wa 2023. Moyo na NeoBeat viliwekwa leba. Mfuko wa hewa ulioboreshwa na mwanasesere mpya aliyeunganishwa na kompyuta ndogo, anayemwambia mkunga kama hewa inaingia sawasawa, viliwekwa karibu navyo. Kila kituo kilipata wakunga wake wa kuongoza mazoezi ya mara kwa mara. Na takwimu za kila kituo zilirudishwa kwa wenyewe, wakakaa wakazitazama na kuulizana wiki hii tumekosea wapi.

Matokeo yalichapishwa Februari 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Dkt. Benjamin Kamala wa Tanzania, na Ersdal akiwa miongoni mwa waliouongoza utafiti. Uzazi uliochunguzwa ulikaribia 300,000. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 6.4 hadi 3.9 kwa kila 1,000, yaani karibu asilimia 40. Vifo vya akina mama, katika hesabu ya utafiti huo, vilipungua kwa takriban asilimia 75. Mikoa haikuwa sawa. Mingine ilisonga mbele zaidi ya mingine. Na watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu hawakupungua kwa kiasi cha kujivunia.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalotaka Bujumbura ilisome kwa makini. Mtoto aliyezaliwa anaweza kuokolewa na mikono iliyo chumbani. Mtoto aliye tumboni, moyo wake unapozorota, anahitaji njia ya kutoka haraka, na njia hiyo ni gari la wagonjwa, damu, mtu wa usingizi na mpasuaji aliye macho.

Burundi haikuanzia sifuri. Mei 2006 serikali iliondoa malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, na wodi za wazazi zikafurika. Mwaka 2010, uzazi uliosimamiwa na mtaalamu ulikuwa asilimia 60. Utafiti wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta umefika asilimia 85. Hata hivyo utafiti huohuo ulikuta akina mama 334 wakifariki kwa kila uzazi hai 100,000, na watoto 23 kwa kila 1,000 wakifariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Akina mama wameitika wito wakaja hospitali. Sasa deni liko upande wa hospitali.

Na tunajua linavyolipwa, kwa sababu liliwahi kulipwa hapa jirani. Kabezi, kwenye mwambao wa Tanganyika kusini mwa jiji, Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha kituo cha dharura za uzazi kuanzia mwaka 2006, chenye magari ya wagonjwa yaliyounganisha vituo vya afya saa 24. Katika ripoti yao ya mwaka 2012 walikadiria kwamba vifo vya akina mama katika eneo hilo vilipungua kwa asilimia 74. Hawakuwa na kifaa cha ajabu. Walikuwa na simu inayopokelewa, gari linalowaka na chumba cha upasuaji kilicho wazi.

Haydom imetuonyesha nusu moja ya jibu na Kabezi nusu nyingine. Kwa hiyo mhisani atakapokuja tena Bujumbura na orodha ya mashine, wakuu wa afya wamuulize mambo manne kabla ya kutia sahihi. Nani atafanya mazoezi na wakunga kila wiki, na atalipwa na nani baada ya mradi kwisha? Takwimu za leba zitasomwa na wakunga wenyewe, au zitaishia ofisini? Betri na vipuri vitatoka wapi mwaka wa tatu? Na kengele ikilia saa tisa za usiku katika kituo kilicho mlimani, ni gari gani litakalomfuata mama, na nani atamsubiri mlangoni? Asiyeweza kujibu arudi akajipange, hata kama mashine zake zinametameta. Anayeweza kujibu yote manne apewe leba, apewe wakunga, na apewe miaka ya kutosha kuhesabu.